Kabla hujafunga kadi mpya ya grafiki: mambo ya kutazama kwanza

Kama kadi yako mpya ya grafiki bado imo ndani ya boksi, iache humo humo mpaka umalize kusoma. Na kama umeshaifunga na kompyuta imeanza kuzima katikati ya kazi, izime wewe mwenyewe, chomoa waya ukutani, kisha usome. Usiendelee kuiwasha na kuijaribu.

Mimi nahariri video za harusi na maulidi, Jang'ombe hapa Unguja. Watu wanajua nina mashine kubwa, kwa hiyo vijana wa mtaani na jamaa zangu wa Pemba zao zikiwagomea hunipigia mimi. Hadithi ni ile ile kila mara. Mashine ilikuwa nzima, mtu kanunua kadi, kaifunga, imewaka, Windows imefunguka, kafurahi. Anafungua mchezo au anaanza kurenda video, yaani kuitoa iwe faili kamili, dakika tano hazijafika, skrini nyeusi. Hapo hapo anasema kauziwa kadi mbovu. Mara nyingi kadi haina kosa lolote. Mashine iliyoipokea ndiyo haikutayarishwa.

La kwanza, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha uichomoe diski hiyo na kuiweka kabatini. Kuiacha imechomekwa si kuhifadhi. Nimelitanguliza hili makusudi na nitalirudia.

Pima nafasi kwa rula kabla hujatoa pesa: urefu wa kadi, unene wake, na pahala pa kupitisha waya. Ondoa kifuniko upime ndani, usikisie kwa nje.

Mashine za ofisini zilizotumika, zile nyembamba za Dell na HP ambazo tunazinunua sana kwa kuwa bei yake inavumilika, zitazame mara mbili. Nyingi zina pawa saplai, kile kiboksi kinachoigawia mashine umeme, ndogo yenye umbo lake la peke yake, huwezi kuitoa ukatia ya kawaida, na waya wa kadi hauna kabisa. Kwa mashine hizo tafuta kadi fupi inayokula umeme wa kwenye soketi ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) tu, kama baadhi ya GTX 1650. Na iwe ni ile isiyo na tundu la waya wa ziada, kwa sababu zipo GTX 1650 zenye tundu hilo.

Sasa umeme wa ndani, na hapa soma polepole. Soketi ya PCI Express kwenye madabodi inatoa wati 75 kwa kadi, basi. Waya wa pini 6 unaongeza 75, na wa pini 8 unaongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ichomekewe waya mbili tofauti zinazotoka kwenye pawa saplai, usiitegemezee waya mmoja wenye vichwa viwili. Vile viunganishi vya kugeuza waya wa diski kuwa waya wa kadi, vinavyouzwa bei ya andazi, viache dukani. Na kadi mpya za juu zenye tundu dogo la pini nyingi, ukichomeka hakikisha kichwa kimezama chote, tena usikikunje karibu na tundu. Mwishoni mwa 2022 watu waliokuwa na RTX 4090 walianza kuonesha picha za vichwa vilivyoyeyuka, na vingi kati yake vilikuwa havikuzama sawasawa.

Halafu usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawa saplai. Ilaze ubavu usome jedwali dogo la lebo, mstari wa volti 12, kwa sababu kadi na prosesa zote zinakula kwenye mstari huo. Zidisha ampea kwa 12. Ampea 25 ni wati 300, hata kama nje pameandikwa 500. Tena kadi haili kwa utulivu. Kwa kipande kidogo cha sekunde inaruka juu sana kuliko kiwango chake, na pawa saplai dhaifu ikiona mruko huo inajikata. Wewe unaona kompyuta imezima. Yenyewe inajilinda.

Najua haya kwa sababu yalinifika.

Mwaka 2023 nilinunua RTX 3060. Kadi hiyo ni ya wati 170, na Nvidia wenyewe walioiunda wanashauri pawa saplai ya wati 550. Yangu ilikuwa na 500 kwa maandishi makubwa ya dhahabu, nikaona pungufu ya 50 si kitu. Nikaifunga baada ya sala ya isha. Ikawaka. Nikafungua harusi niliyokuwa naihariri, nikaanza kurenda. Asilimia kumi na mbili, giza. Feni zote kimya. Baada ya sekunde mbili ikajiwasha yenyewe kama kwamba hakuna lililotokea.

Usiku wa kwanza niliondoa draiva, ile programu inayoiendesha kadi, na kuweka nyengine. Usiku wa pili niliweka draiva ya zamani zaidi. Usiku wa tatu nilifuta Windows nikaiweka upya, kazi ya mpaka alfajiri, na asubuhi ikazima pale pale. Siku ya nne nikaichukua kadi kwa rafiki yangu Kikwajuni ambaye pawa saplai yake ni kubwa. Ilifanya kazi saa mbili nzima bila kukohoa. Niliporudi ndipo nikailaza mashine na kusoma ile lebo kwa mara ya kwanza: volti 12, ampea 25. Nyusiku tatu zangu zimekwenda bure, na jawabu lilikuwa limeandikwa.

Nikanunua pawa saplai mpya, nzuri, wati 650. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma.

Zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa na waya za kuchomoa. Waya wa diski zangu nilikuwa nimeupitisha nyuma ya madabodi na kuufunga kwa vibanio vya plastiki, umekaa vizuri, sikutaka kuufumua. Nikachomoa ncha ya upande wa pawa saplai tu, nikaitoa ile ya zamani, nikaingiza mpya, nikachomeka ncha ile ile. Iliingia bila kulazimishwa. Iliingia mpaka kijino chake kikalia. Kwa akili yangu, kitu kisichofaa hakiingii.

Nilipobonyeza kitufe nilisikia mlio mdogo, kama ukucha ukigongwa kwenye meza, kisha harufu ya waya uliobabuka. Nikachomoa ukutani. Nilikuwa nimeshachelewa.

Sikiliza sababu yake. Upande wa kadi na upande wa diski, vichwa vya waya vina mpangilio mmoja dunia nzima. Upande wa pawa saplai hauna. Kila kiwanda kinapanga pini kinavyotaka, na hata kiwanda kimoja hubadilisha mpangilio toleo moja hadi jengine, huku umbo la tundu likibaki lile lile. Diski inapokea volti 5 kwa ubao wake na volti 12 kwa mota. Ile pini iliyokuwa ikileta 5 kwenye pawa saplai yangu ya zamani, kwenye mpya ilikuwa inatoa 12. Diski zote mbili zilizokuwa kwenye waya ule zilikufa kwa pamoja, ile ndogo ya Windows na ile kubwa ya kazi.

Na kwenye ile kubwa kulikuwa na harusi. Kadi za kamera nilishazifuta kwa ajili ya maulidi ya Ijumaa. Bibi harusi baba yake ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyemuozesha ni babu yake mzaa baba, mzee aliyetoka Micheweni kwa gari mpaka Mkoani na kupanda boti kwa ajili ya siku ile tu. Nilikuwa nimemrekodi kwa karibu, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, sauti yake ikitetemeka, akirudia maneno ya kuozesha.

Fundi mmoja wa Darajani aliufungua ubao wa diski akanionesha doa jeusi, dogo kuliko punje ya mchele. Akaniambia ipo njia: kutafuta diski ya aina ile ile khasa, kuuhamisha ubao wake pamoja na kile kichipu kinachobeba taarifa za diski yenyewe. Tukaitafuta mpaka Dar es Salaam, tukaipata. Diski ikazunguka, ikagonga ki, ki, ki, haikusomeka.

Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi. Mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hata pale pa mzee, mwanangu?" Nikamwambia hata pale. Pesa yake nilimrejeshea, akaipokea, lakini sote wawili tulijua kwamba sikwenda pale kwa ajili ya pesa. Tukawaomba wageni walete walichonasa kwenye simu zao. Ikapatikana video moja ya ndoa yenyewe, imepigwa wima kutoka safu ya nyuma ya mskiti, nusu ya picha ni kofia ya mtu. Sauti ya mzee inasikika kwa mbali. Niliisafisha kadiri nilivyoweza nikawapelekea.

Kwa hiyo: ukibadilisha pawa saplai, waya zote za zamani zitoke, hata zile zilizojificha, hata kama inabidi ufumue mashine nzima. Zifunge kwa mpira mmoja na pawa saplai yake. Usikubali kuazima waya kwa jirani, usinunue waya peke yake kwa kuangalia umbo. Fundi akikwambia "hizi ni sawa tu", mwambie atoe zilizokuja ndani ya boksi. Na ile nakala niliyokwambia uiweke kabatini, iweke leo.

Tuje kwenye draiva. Ukibadilisha kutoka kadi ya AMD kwenda ya Nvidia, au kinyume chake, ondoa draiva ya zamani kabisa. Programu ya DDU inaifanya kazi hiyo vizuri ukiiendesha katika hali salama ya Windows, intaneti ikiwa imezimwa ili Windows isikuwekee draiva yake kabla hujawahi. Pakua draiva mpya kabla, usingoje umeshaondoa ya zamani ndipo ugundue bando limekwisha. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Sasa umeme wa ukutani, na hapa kwetu hili si dogo. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba. Wa Pemba unatoka Tanga tangu 2010. Sisi tuliokaa gizani takriban miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, hatuhitaji kuambiwa umeme unaweza kuondoka. Lakini kinachoumiza mashine zaidi ni kurudi: unapepesa, unakuja, unaondoka, unakuja tena. Ukikatika, zima swichi ya ukutani, ngoja utulie, ndipo uwashe.

Ukinunua UPS, lile boksi la betri linaloshika mashine umeme ukikatika, ujue VA iliyoandikwa juu yake si wati. Nyingi za 650 VA zinatoa wati 360 au 390 tu, na kadi yako ikipanda pamoja na prosesa na skrini unazipita. Tena zile za bei ndogo hazitoi umeme laini kama wa ukutani. Baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani nazo, zikizima papo hapo umeme unapohamia kwenye betri. Mtu anailaumu kadi, kumbe ni UPS.

Gusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa kidole mashine ikiwa imewaka. Ukihisi linakutekenya au linakung'ata kidogo, huna ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazina, na hata penye ethi, ekstensheni ya bei rahisi huikata, ina waya mbili tu ndani ijapokuwa plagi ina miguu mitatu. Mwite fundi wa umeme kabla ya fundi wa kompyuta. Na kama pawa saplai ina kile kiswichi chekundu nyuma, kisome: kiwe kwenye 230. Kikiwa 115 ukawasha, imekwenda hiyo.

Kadi iliyotumika? Inunue, lakini kwa macho. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi kufanya kazi sana si kosa peke yake. Tatizo ni kwamba nyengine, khasa RX 580, zilibadilishwa programu ya ndani ili zichimbe vizuri, na kwenye michezo zinaanguka. Zipo pia za RX 580 2048SP, ambazo nguvu yake ni pungufu, zinazouzwa kama RX 580 kamili. Dai ijaribiwe mbele yako nusu saa, si dakika mbili.

Ikizima baada ya yote haya, tazama inavyozima, kwa sababu kila namna ina maana yake. Ikikata mara moja kama iliyochomolewa kisha ikajiwasha, shuku umeme. Skrini ikienda nyeusi lakini wimbo unaendelea kupiga, shuku draiva au kadi: Windows huipa kadi sekunde mbili kujibu, isipojibu inajaribu kuiamsha upya, na ikishindwa ndiyo unaona skrini ya buluu iliyoandikwa VIDEO_TDR_FAILURE. Vidoti na mistari ya rangi vikionekana tangu maandishi ya mwanzo, Windows haijafunguka, memori ya kadi ndiyo mgonjwa. Ikichukua dakika ishirini kila mara kabla ya kuzima, tazama joto na mavumbi. Na ukifungua kumbukumbu za Windows ukakuta Kernel-Power 41, usikimbilie kusema umepata jawabu. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, haisemi nani aliyeizima.

Jaribio moja jepesi: kwa programu ya MSI Afterburner ishushe kadi kiwango cha umeme mpaka asilimia 70, kisha uitie kazini. Kama kuzima kumekoma, nenda kwenye pawa saplai kwanza. Kama hakukukoma, rudisha kadi ya zamani uone. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hujui kilichoiponesha, na siku ikirudi utaanza upya.

Mengine ni ya kawaida. Usifanye apdeti ya BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi, siku ambayo umeme unapepesa. Wakati wa masika, kadi iliyokaa miezi bila kutumika itoe, futa pini zake za dhahabu kwa alkoholi safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Wa karibu na bahari fanyeni hivyo mara nyingi zaidi, chumvi haina huruma. Ukiipeleka kompyuta Pemba kwa boti, itoe kadi uibebe mkononi. Ikibaki imefungwa, uzito wake unaitikisa soketi ya madabodi njia nzima, na nimeshaona iliyofika Mkoani na soketi iliyopasuka. Usitupe boksi wala risiti. Mtoto asiachwe karibu na mashine iliyo wazi. Na usifunge kadi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya mtu. Funga mchana, siku ambayo huna ahadi na yeyote, maduka yakiwa wazi na umeme umetulia.